Homepage mpya, na gunia la mama lililoteremshwa mtandaoni

Wakuu, mimi hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza. Nasema hivyo na sirudi nyuma.

Nimeachia shule darasa la sita. Nimeuza akala za matairi soko la Kiptere wakati miguu yangu mwenyewe iko mitupu. Leo nina nyumba za kupangisha Sosiot, nina posho mill ya kusaga unga, nina magari, na watoto wangu wote wamesoma kuliko mimi. Hakuna mtu alinishika mkono. Kwa hivyo kushangaa ni kazi ya watu wengine.

Salamu zenu lakini, wote mliomo humu. Mlio shambani, mlio ofisini, na nyinyi mnaosoma huku mmeficha simu chini ya meza.

Nimepitia ule uzi wa feedback. Wenye forum wametubadilishia ukurasa wa mwanzo. Ile nafasi ya kila mtu kupanga vyake anavyotaka, huku michezo, huku siasa, rangi unayopenda, imeondoka. Sasa wote tunaona kitu kimoja cheupe kama kuta za dispensary.

Wazee wanalalamika. Vijana wanawacheka. Mmoja kaandika, "Ni rangi tu wazee, mtazoea." Mwingine akamwambia mzee mwenzangu aende akachume majani chai kama internet imemshinda.

Sawa. Mimi majani nimechuma tangu nikiwa siwezi kuona juu ya kichaka. Na mambo ya homepage kubadilishwa nimeyaona wakati nyinyi mlikuwa bado hamjazaliwa. Kaeni niwaambie. Ni ya kweli yote, sina haja ya kuwadanganya, mali ninayo tayari.

Ilikuwa miaka ya tisini, ikielekea mwisho.

Wakati huo nilikuwa na bureau Kericho town, juu ya duka la mbegu. Typing, photocopy, simu, fax. Halafu nikasikia kuna kitu kinaitwa internet. Nikasema hiyo lazima iingie kwangu kabla iingie kwa mtu mwingine. Mimi ndiye wa kwanza pale mjini, mwenye kubisha abishe.

Msifikiri ilikuwa kama sasa. Kompyuta ilikuwa inapiga simu mpaka Nairobi, trunk call, kila dakika inahesabiwa. Inalia kama mbuzi aliyekanyagwa, unangoja, unangoja, ikishika unashukuru Mungu. Mvua ikinyesha line inakata. Na Kericho mvua inanyesha kila alasiri kama ina mkataba.

Mimi mwenyewe sikujua kubonyeza. Kazi ya tajiri si kubonyeza. Nilikuwa nimemwandika msichana mmoja anaitwa Akinyi, baba yake alikuja kutoka kule ziwani, upande wa Kisumu, kufanya kazi kwa kiwanda cha majani, yeye akazaliwa huku. Alikuwa amesomea secretarial. Mdomo wake ulikuwa mkali lakini mkono wake kwa keyboard ulikuwa kama mashine ya cherehani.

Sasa, nina ndugu mdogo. Kiprono.

Kwetu sisi Wakipsigis jina halipewi ovyo. Kiprono ni mtoto aliyezaliwa jioni, mbuzi wakirudi nyumbani. Mama alizaa wengi lakini huyu ndiye alikuwa jicho lake, na sisi wengine tulijua na hatukununa. Alikuwa anakimbia. Kutoka kwetu Boito mpaka shuleni na kurudi, kila siku, juu na chini ya zile ridge, mpaka watu wa America wakamwona kwa mashindano wakampa nafasi ya college.

Tulimfanyia harambee. Kanisa ilitoa, majirani walitoa, hata wale ambao walikuwa wanadaiwa karo walitoa. Mimi nilitoa kuliko wote, hiyo iko wazi. Mama akampa sotet ya mursik abebe, kibuyu cha maziwa yetu yaliyogandishwa na majivu ya mti, akaambiwa haiwezi kuingia kwa ndege, akaikumbatia mwenyewe akarudi nayo nyumbani.

Mwaka wa kwanza Kiprono alikuwa anaandika barua. Kwa barua moja akaniandikia habari ya homepage. Alikuwa amefungua ukurasa kule kwa library ya college, ukurasa ambao mtu anajipangia mwenyewe. Unachagua viboksi: hali ya hewa, habari, mpira, bei za hisa. Unachagua kikae wapi na kiwe rangi gani. Akaniandikia password, akasema ufungue, ni wetu sisi wote, ili mama aone kule niko kuna hali gani.

Basi kila Jumamosi pick-up yangu ikileta mboga za soko kutoka Boito, inaleta na mama.

Anaingia na gumboots zake na leso mbili, anaketi kwa kiti cha customer. Kusoma hajui. Lakini picha anajua. Kwa mkono wa kushoto kulikuwa na wingu lenye theluji, hiyo ni kwa Kiprono. Kwa mkono wa kulia kulikuwa na jua, hiyo ilikuwa kwetu.

Sasa kulikuwa na shida. Kericho haikuwa kwa orodha yao. Kiprono alikuwa ameweka Kisumu. Kwa hivyo nje mvua inatwanga mabati, ndani mama anaangalia jua kali.

"Hilo jua ni la nani?" akauliza.

"Gogo, hiyo ni ya kwetu," Akinyi akamwambia, akimwita nyanya kwa lugha yetu. "Sisi tumewakopesha. Mkimaliza kuanika mahindi mrudishe."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho na leso. Tangu siku hiyo alikuwa akiingia anauliza kwanza kama jua la Wajaluo limeamka salama. Na alikuwa anamletea Akinyi mursik. Akinyi mara ya kwanza aliona ile majivu nyeusi ndani ya maziwa akasema hawezi. Mara ya tatu alikuwa anakuja na kikombe chake.

Halafu barua zikakata.

Nikaandika, kimya. Nikapiga ile namba ya hostel, mzungu mmoja akaniambia Kiprono hakai hapo tena. Akinyi akamtumia email, kimya. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha. Majirani wakaanza kuuliza, na mnajua majirani waliotoa harambee wanavyouliza. Wanauliza kwa upole sana.

Mama hakuuliza. Alikuja tu kila Jumamosi, anaangalia lile wingu la theluji, anasema "baridi," anafunga leso, anaenda.

Siku moja Akinyi akafungua page, nikamwona amekaza macho.

"Boss, kuna mtu amegusa hii kitu."

Kulikuwa na kiboksi kingine kilikuwa chini kabisa, cha mtu kujiandikia mambo yake. Sasa kilikuwa kimepandishwa juu, katikati, juu ya vyote. Kilikuwa kimepakwa rangi, hudhurungi inayoelekea manjano. Na ndani hakuna neno hata moja.

Akinyi akasema labda kompyuta imeharibika. Mimi nikasema labda ni virus, nilikuwa nimesikia hilo neno wiki hiyo.

Mama alisimama. Akasogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Wametundika gunia," akasema.

Hapa lazima niwaelezee nyinyi ambao hamkukua huku.

Kwetu, kituo cha kununua majani kilikuwa ng'ambo ya bonde. Ukishuka na kikapu na kupanda ile ng'ambo, jasho limekuisha. Na kuna siku lori la kiwanda haliji. Limekwama kwa matope, au limeharibika, au kiwanda kimejaa. Majani uliyochuma yanakauka na kuoza, unayatupa. Kwa hivyo karani wa pale kituoni alikuwa na desturi yake. Asubuhi akijua lori linakuja, anatundika gunia tupu juu ya nguzo. Akina mama wanatoka nje, wanaangalia ng'ambo. Gunia likiwa juu, wanachuma. Gunia lisipokuwa, hakuna anayegusa kichaka. Na jioni lori likishaondoka, karani analiteremsha, ili mtu asijisumbue kuja.

Sisi tulikua tukitumwa nje kuangalia hilo gunia kabla hata ya kunawa uso. Kiprono ndiye alikuwa anatumwa zaidi, macho yake yalikuwa makali.

Kwa hivyo mama alielewa na mimi nikaelewa. Kijana yuko. Hataki kusema, au hawezi kusema, lakini yuko.

"Mteremshie," mama akamwambia Akinyi. "Ajue tumeona."

Akinyi akakirudisha kile kiboksi chini na kukitoa rangi.

Jumamosi iliyofuata kilikuwa juu tena.

Ikawa hivyo wakuu, miezi na miezi. Yeye anatundika, sisi tunateremsha. Hakuna neno. Mama alikuwa anakigusa kile kiboksi kwa kidole, anaacha alama kwa kioo. Mwanzo Akinyi alikuwa anafuta na kitambaa mama akishatoka. Baadaye akaacha kufuta.

Mtaniuliza kwa nini asiandike tu maneno. Vijana, nyinyi hamjawahi kubebwa na harambee ya kijiji. Aliumia mshipa wa nyuma ya mguu, hakuweza kukimbia, na asiyekimbia pale college hana nafasi. Akawa anapakua mizigo kwa godown fulani. Haya yote tulikuja kujua baadaye. Mtu kama huyo ataandika nini? Ataanza na mstari gani? Gunia halina mstari wa kwanza.

Sasa ndio tufike kwa homepage mpya.

Jumamosi moja mama ameketi, Akinyi amebonyeza, mbuzi amelia, page inashuka polepole kama kawaida. Inashuka lakini si yenyewe. Juu kuna tangazo kubwa. Kila kitu cheupe na bluu. Wingu la theluji hakuna, kuna maneno tu. Jua la Kisumu hakuna. Kiboksi cha gunia hakuna juu, hakuna chini, hakuna popote.

"Wametengeneza upya," Akinyi akasoma. "Wanasema sasa ni rahisi zaidi na safi zaidi. Wanasema karibu nyumbani."

"Wapi pa kubadilisha rangi?"

"Hakuna, boss. Wametoa."

Mama alikuwa anaangalia uso wangu, haangalii kompyuta. Halafu akageuka akaangalia ule weupe.

"Lori limeharibika?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo mama, lori limeharibika. Litatengenezwa.

Akasema sawa. Akafunga leso.

Wiki iliyofuata nikamwambia bado fundi hajapata spea. Iliyofuata nikamwambia barabara ni mbaya. Mimi mtu wa biashara, nimewahi kumuuzia mtu injini ya posho mill iliyokufa na akanishukuru, lakini pale mbele ya mama nilikuwa naongea nikiangalia gumboots zake.

Halafu nikapata habari kutoka nyumbani. Mama ameacha kuchuma.

Si ugonjwa. Anaamka, anakamua ng'ombe, anaweka chai, halafu anaketi nje kwenye kigoda anaangalia ng'ambo. Pale kituoni gunia la karani liko juu, majirani wanachuma, lori linakuja kila siku. Yeye haoni. Vichaka vyake vikapanda, majani yakakomaa yakawa magumu kama ngozi, meza ya shamba, ule uso wa juu wa vichaka, ambayo baba aliikata sawasawa kama kitanda kilichotandikwa ikawa msitu. Nikatuma vibarua. Akawafukuza na fimbo.

"Hakuna gunia," akawaambia. "Mnachuma mkapeleke wapi?"

Nikaenda mwenyewe. Nikamwonyesha ng'ambo, nikamwambia mama, gunia lile pale. Akaniangalia kama mtu anaangalia mtoto mjinga.

"Lile si langu," akasema.

Nikarudi Kericho na hasira. Nikamwambia Akinyi, wenye hii page wako wapi, wana ofisi wapi, nataka kuongea nao mwanaume kwa mwanaume.

Akaniambia kuna mahali wameweka, chini kabisa. Wanasema tuambie unaonaje ukurasa mpya.

Nikavuta kiti. Nikamwambia andika.

Nilimwandikisha feedback ya ukurasa mzima. Kwamba mimi ni mfanyabiashara mkubwa wa Kericho, Kenya, East Africa. Kwamba wametoa kiboksi changu bila notice, na hata mwenye nyumba huku anatoa notice. Kwamba kama shida ni gharama wataje bei ya kile kiboksi, nitalipa, wasinione mtu mdogo. Akinyi akaandika kwa kizungu, hajui kama acheke au alie.

Tukatuma. Kabla sijasimama jibu likaja.

"Wanasema asante sana, maoni yako ni ya muhimu kwetu."

Nikafurahi. Nikamwambia unaona, hao ni watu wa maana, wamejibu hata chai haijapoa. Nikaagiza mandazi ya ofisi nzima.

Kesho yake nikatuma nyingine kuuliza wamefikia wapi. Asante sana, maoni yako ni ya muhimu kwetu. Nikatuma ya tatu, kali. Asante sana.

"Boss," Akinyi akasema polepole, "hiyo si mtu. Ni mashine inajibu."

Wakuu. Niliuza akala kwa watu ambao walinitemea mate, lakini angalau alikuwa mtu ndiye ananitemea.

Jumamosi hiyo mama alikuja. Nilikuwa nimemwambia asijisumbue lakini alikuja. Akaketi kwa kiti chake. Hakuangalia kompyuta, aliangalia dirisha, mvua ilikuwa inajiandaa.

Akinyi hakuwa na kazi. Akafungua mahali ambapo maoni ya watu wengine yamewekwa wazi, kila mtu anasoma. Akaanza kutusomea, nafikiri alitaka tu kelele ndani ya chumba.

Wazungu walikuwa wanalia kama sisi leo. Mmoja anataka bei za hisa zake zikae juu. Mmoja anasema hiyo bluu inamuumiza kichwa. Mama mmoja anasema alikuwa na picha ya paka wake imeenda wapi. Akinyi anatafsiri, mimi natafsiri tena kwa Kipsigis, mama anaitikia.

"Paka amekufa?" mama akauliza.

"Hajafa. Picha ndiyo imetolewa."

"Maskini."

Akinyi akaendelea. Mwingine anasifu, sisi tukamzomea. Mwingine anatukana. Halafu Akinyi akanyamaza katikati ya neno.

"Nini? Line imekata?"

"Boss, kuja."

"Soma tu."

"Kuja uone."

Nikazunguka meza. Kizungu changu ni cha kununua na kuuza, lakini neno mother ninalijua. Akinyi akaweka kidole kwa kioo, akanisomea kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno. Sijasahau mpaka leo.

"Rudisheni rangi. Mama yangu hajui kusoma. Nilikuwa naweka boksi moja rangi ya gunia, na akiliona anajua niko hai. Sasa sina mahali pa kuliweka. Yuko mbali sana na anangoja. Kama ni vigumu, rudisheni siku moja tu kwa wiki. Jumamosi."

Jina hakuna. Ilikuwa imeandikwa wiki tatu nyuma. Ilikuwa imekaa pale kati ya paka na hisa, na hakuna mtu amemjibu isipokuwa mashine.

Mimi ambaye hakuna kitu kinanishangaza nilishika ile meza.

Mama alikuwa ameshasimama. "Ni Kiprono," akasema, haulizi.

Nikamwambia kila kitu. Kwamba lori halikuharibika. Kwamba kijana yuko kwa kituo na gunia lake mkononi tangu siku ile. Wenye nguzo ndio waling'oa nguzo.

Mvua ikaanza.

"Waling'oa bila kumwambia?"

"Bila kumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Wanasema ni safi zaidi."

Mama akasema neno moja la Kipsigis ambalo moderators hawataniruhusu kuliandika hapa, na mimi sikuwahi kumsikia akilisema kabla.

Nikamwambia Akinyi haraka, jibu hapo chini yake kabla line ikate. Nikaanza kumwandikisha. Kwamba Kiprono ndugu yangu, mimi sasa niko mbali kimaisha, fedha si shida, sema uko wapi nitume tiketi, nitakujengea...

Mama akaniwekea mkono kwa mdomo. Mimi, na tumbo langu la tajiri.

"Mwambie hivi," akamwambia Akinyi moja kwa moja, kwa Kiswahili chake cha soko. "Mama anasema, hio nguso ya watu wachana nayo. Mimi naweka kunia yangu hapa nyumpani. Hii hakuna mtu natoa."

Akinyi akaandika hivyo hivyo, bila kutafsiri, bila kurekebisha herufi. Akabonyeza. Na line ikakata pale pale, lakini ilikuwa imeenda.

Tukatoka na mama kwa mvua, tukaendesha mpaka soko la Boito. Nikamwambia nitamnunulia bendera, nitamnunulia turubai jipya kabisa linaloonekana mpaka Tanzania. Akakataa. Akachagua gunia la katani, la kawaida, akalinusa kwanza. Tukafika nyumbani akalifunga mwenyewe juu ya nguzo ya kamba ya nguo, upande unaoangalia barabara.

Asubuhi yake alichukua kikapu akaingia shambani. Alianza kukata ile mijani iliyokomaa, kichaka kwa kichaka, mpaka meza ikarudi.

Simu ilikuja bureau siku chache baadaye, Akinyi akapokea, akanipa bila kusema ni nani. Nikajua kwa vile alivyonipa.

"Kaka," Kiprono akasema.

"Niko."

Ile simu ilikuwa inakula pesa yake.

Nikamwambia nakutumia tiketi. Nitume dola, nitume leo. Akasema hapana. Akasema kijiji kilishanilipia kwenda, sitalipiwa na kurudi. Nikabisha, nikapandisha sauti, nikamwambia mimi ni nani na nina nini. Akangoja nikamaliza.

"Ni kweli ametundika?" akauliza.

"Ni kweli."

"Kwa nguzo gani?"

"Ya kamba ya nguo."

Nikasikia anapumua. Mshipa wa mguu, college, godown, yote aliniambia hapo, maneno machache, kama mtu anayetua mzigo. Halafu akasema, "Msiliteremshe mpaka nifike."

Ilichukua zaidi ya mwaka.

Gunia lilikaa juu. Mvua ya mawe ililipiga. Jua lililichoma mpaka likawa jeupe. Upepo ulilichana, mama akalishona na uzi wa manila akalirudisha. Wageni walikuwa wanauliza kama tunanunua majani hapo nyumbani. Alikuwa anawajibu ndiyo, tunangoja lori. Na kila jioni mbuzi wakirudi alikuwa anatoka kidogo nje, anasimama mahali anaona barabara. Alikuwa anasema Kiprono atakuja saa hiyo, ndivyo alivyozaliwa. Mbuzi wanaingia, anahesabu, anafunga, anabaki amesimama.

Nilipenda kufika kwake jioni wakati huo. Halafu nikaacha, kwa sababu sikuweza kumwangalia akifunga lile lango.

Alikuja saa nne ya asubuhi. Mama alikuwa katikati ya shamba. Akamwona mtu anapanda ridge na begi moja, anachechemea kidogo mguu wa kushoto, na kabla ya kufika nyumbani akasimama barabarani anaangalia juu. Haangalii nyumba. Anaangalia nguzo.

Mama alitoka kwa majani na kikapu mgongoni. Kitu cha kwanza alichomwambia, baada ya mwaka na miezi ya kusimama langoni, ni kumgombeza.

"Mbuzi bado wako malishoni," akasema. "Wewe saa hizi umetoka wapi?"

Halafu akaenda kwa nguzo, akafungua kamba, akaliteremsha mwenyewe. Akalikunja mara nne. Akasema, "Wamenunua."

Kiprono yuko mpaka leo, ana ng'ombe wake pale Boito, anafundisha watoto kukimbia. Mama alitutoka miaka kadhaa iliyopita. Lile gunia Kiprono alilitandika chini ya godoro la mama mpaka siku yake ya mwisho, na hatukuulizana sababu.

Ile kampuni ya homepage haikurudisha rangi. Baadaye ilikufa yenyewe, na paka na hisa zote.

Kwa hivyo nyinyi vijana mnaosema ni rangi tu. Mtu akilia kwamba umemtolea kiboksi, muulize kwanza alikuwa ameweka nini ndani. Kinaweza kuwa tupu na bado kuna mtu anakitazama kila Jumamosi. Na nyinyi wenye forum, hiyo feedback mnayoomba, someni. Isomwe na mtu. Ndiyo hiyo feedback yangu.

Aliye na yake aseme hapo chini. Hata kama ni ya kunipinga, nimezoea.

Na najua kuna mtu lazima ataniuliza, mzee na pesa zako zote, hiyo safari ya ndugu yako ilikugharimu ngapi mwishowe? Tiketi alikataa. Dola alikataa.

Gunia moja la katani, soko la Boito, baada ya kubishania bei: shilingi thelathini na tano.